SOMO LA USHIRIKA: MKARIMU HUZALIWA AU HUFANYWA NA WENZAKE?

Katibu wa chama cha msingi pale Galula, mkoani Songwe, anapoitisha mchango wa kuezeka ghala, husikia: "Fulani ni mkarimu, fulani mchoyo, ndivyo walivyoumbwa." Je, ni kweli?

Wataalamu, akiwemo Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walilichunguza jambo hili kwa miaka kadhaa miongoni mwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Kila mshiriki alipewa mirija minne ya asali, akaamua faraghani aweke mingapi na atoe mingapi kwa kambi. Kila mrija uliotolewa ulifanywa mitatu, kisha wenzake wakagawiwa sawa. Kwa kuwa Wahadzabe huhamahama, wengine walipimwa tena wakiwa kambi nyingine.

Ilidhihirika kwamba ukarimu wa mtu haukudumu katika kipimo kimoja. Katika kambi ya watoaji alielekea kutoa zaidi. Katika kambi ya wachoyo alipunguza.

Tabia ya mtu ina nafasi yake, lakini mazoea ya kundi huivuta. Wachache wakikwepa bila kuulizwa, watoaji nao hulegea, na ufuta wa wote hulowa. Kwa hiyo:

1. Viongozi watangulie kutoa.
2. Michango isomwe mkutanoni.
3. Mchelewaji asitengwe, bali apangiwe kazi pamoja na watoaji.

Swali la majadiliano: Katika chama chenu, mwanachama mpya hujifunza mazoea gani kwanza?