SOMO: TUMTAFUTE ALIYEPOTEA KWA MPANGO

Hapa Buganguzi yowe likipigwa watu hutoka. Hakuna anayeuliza atalipwa nini. Hiyo ni mila njema, tuishike. Lakini kutoka tu hakutoshi. Watu sitini wakikimbilia upande mmoja, ni sawasawa na mtu mmoja. Mtoto yuko bonde la pili, analia peke yake. Leo tujifunze kutafuta kwa mpango.

Wenzetu wanavyofanya

Huko Marekani wako wananchi wanaojitolea kutafuta watu waliopotea milimani na porini, wakiwa juu ya farasi. Wengi wana kazi zao nyingine. Polisi wakiwaita, wanakwenda. Mtu aliye juu ya farasi huona mbali kuliko aendaye kwa miguu. Tena farasi ana masikio makali. Akisikia kitu kichakani husimama na kuelekeza masikio huko. Lakini watu hao hawaendi ovyo. Wanafanya mazoezi kabla ya hatari. Kila mmoja hupewa sehemu yake ya kutafuta, naye hurudi kutoa taarifa.

Sisi farasi hatuna. Mbung'o wa mapori yetu huwaambukiza farasi ugonjwa wa nagana, nao hufa upesi. Lakini mpango hauhitaji farasi.

Wa karibu ndiye hufika kwanza

Tunakumbuka tarehe 6 Novemba 2022. Siku hiyo ndege ya abiria ilianguka katika Ziwa Viktoria, karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba. Ndani walikuwamo watu 43. Wavuvi walifika mapema kwa mitumbwi yao wakaanza kuokoa. Watu 24 walipona, 19 walikufa. Wavuvi wale walilijua ziwa. Sisi wakulima tunaijua rweya, mabonde na njia za vibanjani. Akipotea mtu huku, sisi ndio wa karibu.

Mambo ya kufanya

1. Toeni taarifa mara moja kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa polisi. Simu ya polisi ni 112, ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Msingoje kesho.

2. Chagueni kiongozi mmoja. Yeye abaki mahali pamoja panapojulikana na wote.

3. Ajuaye kuandika ashike daftari. Aandike jina la aliyepotea, umri, nguo alizovaa, ugonjwa alio nao, mahali alipoonekana mwisho na saa ngapi. Kisha aandike jina la kila anayekwenda kutafuta, na upande anaokwenda.

4. Msikanyage mahali alipoonekana mwisho. Nyayo zake zinaweza kuwaonyesha njia.

5. Anzeni na mahali pa hatari: visima, mashimo na kando ya maji.

6. Porini tembeeni kwa mstari, kila mtu amwone mwenzake. Iteni jina, halafu nyamazeni wote msikilize. Mkipiga kelele muda wote, hamtamsikia mgonjwa anayejibu kwa sauti ndogo.

7. Mtoto mwenye hofu huweza kujificha asijibu. Kwa hiyo angalieni kwa macho, chini ya vichaka na nyuma ya migomba.

8. Sehemu iliyokwisha kutafutwa, fungeni jani la mgomba kwenye mti, na iandikwe daftarini.

9. Akipatikana, mfunikeni apate joto. Kama amevunjika, msimvute wala kumsimamisha. Mbebeni kwa machela hadi zahanati.

10. Mwishoni someni majina daftarini. Asiyeitika naye atafutwe.

Ndugu msomaji, zamani ulipokuwa hujui kuandika ulisaidia kwa miguu na sauti yako. Sasa unaweza kusaidia pia kwa kalamu. Usiku wa giza, daftari lako ndilo litakalosema nani hajarudi.

Maswali ya kujadili

1. Kitongojini kwenu, nani atashika daftari yowe likipigwa?
2. Ni visima na mashimo gani ya kuangaliwa kwanza?
3. Kwa nini watafutaji wahesabiwe wakirudi?