Kupima Kifua Kikuu cha Ng'ombe: Kwa Nini Daktari Hurudi Baada ya Siku Tatu

Wazee walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Neno hilo lawafaa sana wafugaji, kwa maana ng'ombe mwenye kifua kikuu aweza kukaa zizini muda mrefu akila vizuri na kutoa maziwa, huku akiwaambukiza wenzake kwa pumzi yake, na watu wa nyumbani kwa maziwa yasiyochemshwa. Anapoanza kukonda na kukohoa, madhara yamekwisha kutendeka. Basi ugonjwa huu hautambuliwi kwa macho bali kwa kipimo. Lakini kipimo nacho chaweza kukosea kwa njia mbili. Kikimwacha mgonjwa, ugonjwa huenea. Kikimshtaki ng'ombe mzima, mwenyewe hupata hasara bure. Somo hili laeleza jinsi wataalamu walivyojitahidi kupunguza makosa hayo mawili.

Dawa Iliyoshindwa Kuponya

Mwaka 1882 daktari Mjerumani, Robert Koch, alitangaza kwamba amekiona kijidudu kiletacho kifua kikuu. Mwaka 1890 akatoa dawa iliyotengenezwa kutokana na vijidudu hivyo, iitwayo tuberkulini, akitumaini kwamba itawaponya wagonjwa. Haikuwaponya. Lakini madaktari wa mifugo waliona jambo la ajabu: ng'ombe mgonjwa akidungwa tuberkulini, joto la mwili wake lilipanda, ng'ombe mzima hakudhurika. Hivyo dawa iliyoshindwa kuponya ikawa kipimo. Katika miaka ya 1890, Bernhard Bang wa Denmark aliitumia kuwatenga ng'ombe walioambukizwa na wale wazima, akawalea ndama kwa maziwa yaliyopashwa moto.

Baadaye ilionekana kwamba yatosha kudunga kiasi kidogo ndani ya ngozi. Mwili wa mnyama aliyeambukizwa umekwisha kumjua adui. Ukikutana naye tena humshambulia, na mahali pale huvimba. Uvimbe huo hauji mara moja, bali huhitaji saa 72. Ndiyo sababu daktari akidunga Jumatatu, hurudi Alhamisi. Mfugaji anayewapeleka ng'ombe wake malishoni siku hiyo ameiharibu kazi yote.

Sindano Mbili Shingoni

Sindano moja ilikuwa na kasoro. Vijidudu vya kifua kikuu vina ndugu zao wengi, wengine wakiishi katika udongo na maji, na wengine katika ndege. Ng'ombe aliyekutana na ndugu hao aweza kuvimba ingawa hana kifua kikuu cha ng'ombe. Basi ikabuniwa njia ya kulinganisha. Daktari hunyoa manyoya mahali pawili shingoni na kupima unene wa ngozi. Kisha hudunga juu tuberkulini ya ndege, na chini tuberkulini ya ng'ombe. Baada ya siku tatu hupima tena.

Tuchukue mfano wa ng'ombe watatu. Wa kwanza, ngozi imeongezeka milimeta 2 juu na milimeta 9 chini. Tofauti ni 7. Kwa kuwa yapita 4, huyu huhesabiwa kuwa ameambukizwa. Wa pili ameongezeka milimeta 8 juu na 6 chini. Uvimbe upo, tena mkubwa, lakini wa juu umezidi wa chini. Kwa hiyo amepita. Wa tatu ameongezeka milimeta 1 juu na 4 chini. Tofauti ni 3, nayo ni ya shaka. Huyu hutengwa na kupimwa tena, wala si kabla ya siku 42, kwa sababu ngozi iliyodungwa karibuni haijibu vema.

Tazama jinsi ng'ombe wa pili alivyookoka. Kwa sindano moja tu, angeweza kuhukumiwa bila kosa.

Kipimo cha Damu

Hata hivyo ngozi haisemi kweli siku zote. Ng'ombe aliyeambukizwa majuma machache yaliyopita, au aliyezaa karibuni, au aliyedhoofika kabisa kwa ugonjwa, aweza asivimbe. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Australia walitengeneza kipimo cha damu. Damu mbichi huchanganywa na tuberkulini na kuwekwa katika joto usiku kucha. Chembe zilizokwisha kukutana na kijidudu hutoa kitu kiitwacho interferoni-gama, nacho hupimwa. Kipimo hiki huwapata baadhi ya wagonjwa wanaoachwa na ngozi, lakini chahitaji maabara iliyo karibu, tena huwashtaki wazima mara nyingi zaidi kuliko sindano mbili. Kwa hiyo vipimo hivi husaidiana.

Kutofautisha Chanjo na Ugonjwa

Wafugaji huuliza: mbona ng'ombe hawachanjwi kama watoto? Chanjo ya BCG, iliyotumiwa kwa mtu mara ya kwanza mwaka 1921, ilitokana na kijidudu cha ng'ombe chenyewe. Kwa hiyo ng'ombe aliyechanjwa aweza kuvimba kama mgonjwa. Lakini kijidudu cha chanjo, kilipokuzwa katika maabara kwa miaka 13, kilipoteza baadhi ya protini zake. Wataalamu wametengeneza kipimo kipya kwa protini hizo zilizopotea: aliyeambukizwa huvimba, aliyechanjwa tu havimbi. Majaribio ya chanjo pamoja na kipimo hicho yalianza Uingereza na Wales mwaka 2021. Mwaka 2024 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa Ethiopia, ulioonyesha kwamba chanjo ilipunguza maambukizo kati ya ng'ombe kwa karibu asilimia 90.

Wajibu wa Mfugaji

Kipimo kilicho bora hakifai kitu pasipo msaada wa mwenye ng'ombe. Basi yafaa kukumbuka haya:

1. Walete ng'ombe wote, hata yule umpendaye kuliko wote. Mmoja akifichwa aweza kuwaambukiza wote waliopimwa.
2. Mwambie daktari ni ng'ombe gani amezaa karibuni, na ni lini walipimwa mara ya mwisho.
3. Mpime ng'ombe mgeni kabla hajachanganyika na wako.
4. Chemsha maziwa kila siku, ng'ombe awe amepita au hakupita.

Mwenye kufuata haya hulinda zizi lake, na zaidi ya zizi, watoto wanywao maziwa yake.