Kitenzi 'Kulinganisha' Mbele ya Mashine

Makala haya yanadai kwamba kitenzi 'kulinganisha' hakitoshi katika mwongozo wa kufunga kibadilisha-zana kwenye mashine ya kuchonga vyuma inayoongozwa na kompyuta. Fundi akiamriwa 'linganisha mkono na spindeli', atauliza: kwa lipi? Kuna kimo, yaani spindeli isimame pale mkono unapofikia kishikio cha zana. Kuna vitovu, ambavyo hupimwa kwa kipimo cha mshale kisomacho sehemu 1 ya 100 ya milimita. Kisha kuna mwelekeo, na hapa ndipo penye hatari. Spindeli ya vishikio vya BT40, mathalani, ina meno mawili yanayopaswa kuingia katika mifereji ya kishikio. Pembe ikikosewa, chuma hugonga chuma, na mkono waweza kupindika hata kama kimo na vitovu ni sahihi.

Napendekeza basi 'kusawazisha kimo', 'kuoanisha vitovu' na 'kuelekeza spindeli'. ('Spindeli' nimeliacha makusudi; 'mhimili' tumekwisha kuubebesha mengi.) Anayeona kwamba 'kuoanisha' kunanukia harusi, na atuletee neno jingine.