SOMO: UNGO WA CHAMA NA SETILAITI ISIYOSOGEA



Chama cha msingi kinapokusudia kuweka televisheni ofisini, ili wanachama wapate habari za soko la ufuta na korosho pamoja na tahadhari za hali ya hewa, fedha itakayotumika ni ya wanachama wote. Kwa hiyo yafaa Bodi na Katibu wafahamu jinsi chombo hicho kinavyofanya kazi kabla ya kukinunua, na kabla ya kumlipa fundi.

1. Kazi ya setilaiti

Mawimbi ya televisheni husafiri kwa mstari ulionyooka. Mnara wa Dar es Salaam peke yake hauwezi kufikisha picha Kilwa Masoko wala Lindi, kwa sababu dunia ni mviringo na vilima huzuia. Setilaiti ni mfano wa mnara ulio juu kupita minara yote. Hupokea mawimbi kutoka kituo cha ardhini, huyaongezea nguvu, kisha huyarudisha chini juu ya nchi nyingi kwa wakati mmoja. Safari hiyo ya kwenda na kurudi huchukua kiasi cha robo sekunde.

2. Kwa nini haisogei?

Mwaka 1945 Mwingereza Arthur C. Clarke alieleza kwamba chombo kilichowekwa juu ya Ikweta, katika kimo cha karibu kilomita 36,000, kitaizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia hujizungusha yenyewe. Mwaka 1964 setilaiti ya Marekani iitwayo Syncom 3 ilifanya hivyo, ikapeleka Marekani picha za Michezo ya Olimpiki ya Tokyo.

Chombo hicho huenda karibu kilomita 3 kila sekunde, lakini kwetu huonekana kimesimama. Ni kama ngalawa mbili zinazokwenda sambamba kwa mwendo mmoja: aliye katika moja huiona ya pili haimwachi wala haiachwi. Ndiyo maana ungo hufungwa mahali pamoja, wala hauhitaji mtambo wa kuugeuza.

3. Ungo uelekee wapi?

Matangazo ya Azam TV, iliyoanza mwaka 2013, hupitia setilaiti zilizoko nyuzi 7 mashariki. Kilwa na Lindi ziko kati ya nyuzi 39 na 40 mashariki. Kwa hiyo ungo wetu hutazama magharibi, ukielekea kaskazini kidogo, na njia ya mawimbi huinuka kiasi cha nyuzi 50 kutoka upeo wa macho.

4. Kasoro zisizo za fundi

(a) Mti. Mwembe au mkorosho ulio magharibi mwa ofisi, ukikua, huziba njia ya mawimbi. Dawa ni kupogoa au kuhamisha ungo.

(b) Jua. Kwa siku chache mwishoni mwa Machi, na tena katika Septemba, jua hupita nyuma ya setilaiti hiyo karibu saa tisa alasiri. Picha huharibika kwa dakika chache, kisha hurejea yenyewe.

(c) Mvua. Matone ya mvua kubwa hunyonya na kutawanya mawimbi haya mafupi, na picha hukatika mpaka mvua ipungue.

5. Jambo la kukumbuka

Kimbunga Hidaya kilipofika mwambao wetu Mei 2024, mafuriko yaliikata barabara ya Dar es Salaam wilayani Kilwa. Ungo hauhitaji barabara, na hiyo ni faida kubwa. Lakini mvua ile ile inayokata barabara yaweza pia kukata picha, na umeme ukizimika televisheni huzimika nayo. Kwa hiyo ungo ni mzuri kwa kupata tahadhari mapema, siku kadhaa kabla ya dhoruba. Katika saa za dhoruba yenyewe, redio ndogo ya betri ndiyo ya kutegemewa zaidi, kwani mawimbi yake marefu hayazuiwi na mvua. Chama kinachonunua ungo kisiache kununua redio.

Maswali ya kujadili mkutanoni

1. Je, magharibi mwa ofisi yetu pako wazi?
2. Nani ataandika tarehe na saa picha inapokatika, kabla fundi hajaitwa?
3. Betri za redio ya chama zinatunzwa wapi, na na nani?