Hundi ya Baba Iko Mkononi Mwako: Je, Lazima Asafiri?

Baba yuko Kendu Bay na miguu inamsumbua. Wewe uko Migori mjini, na hundi yake ya KSh 48,000 kutoka kwa sacco imekufikia wewe. Je, lazima apande matatu ndio pesa iingie kwa akaunti yake?

La. Kuweka si kutoa. Unaweza kumpelekea hundi benki, mradi jina lililoandikwa ni lile lile la mwenye akaunti. Ingia tawi la benki yake hapo Migori, hata kama akaunti ilifunguliwa Homa Bay. Jaza fomu: jina lake, nambari ya akaunti, nambari ya hundi na kiasi, kisha jina na simu yako kama uliyeileta. Piga hundi picha kabla ya kuipeana, na nakala yenye muhuri usiitupe.

Shida kubwa huwa ni jina. Hundi ikiwa na mistari miwili na maneno "A/C Payee Only", pesa zinaingia kwa akaunti ya aliyetajwa tu. Kwa hivyo hundi ya mama haiwezi kuingia kwako eti kwa sababu yeye hana akaunti. Usikate jina uandike lingine juu yake, itarudishwa. Mama afungue akaunti, ama aliyeitoa aandike nyingine. (Na ile hundi ya basari yenye jina la shule? Ipeleke shuleni, hapo hakuna njia ya mkato.)

Angalia tarehe pia. Ikipita miezi 6, benki haitaipokea.

Sasa hapa ndipo watu huumia. Ule muhuri si pesa. Hundi ya benki nyingine huchukua siku moja au mbili za kazi kupita, na inaweza kudunda. Kuna matapeli wanaoweka hundi hewa, wanakutumia picha ya fomu, halafu wanabeba samaki wako. Wengine husema wamezidisha kiasi, "nirudishie tofauti kwa simu". Usitume hata shilingi. Uliza benki kama pesa zinaweza kutolewa, si kama zinaonekana tu kwenye salio.

Zikishapita, Baba anaweza kuzihamisha mwenyewe kutoka benki hadi kwa simu yake, mradi muamala mmoja usizidi KSh 250,000. PIN abaki nayo yeye, hata kama wewe ndiwe kitinda mimba wake.