Injini Isiyo na Pistoni: Je, Itafaa Mashua za Kiwayu?

Atokaye Lamu kwenda Kiwayu hupita Mkanda maji yakiwa yamejaa, akaiacha Manda, akafuata ubavu wa Pate ulio upande wa bara, akapita Faza na Ndau ndipo afike. Zamani safari hiyo ilikuwa ya tanga na pondo. Siku hizi wengi hufunga injini nyuma ya mashua, na petroli yao huja kwa mitungi kutoka mbali, hata kila lita hulipiwa mara mbili: bei ya mafuta na nauli ya kuyafikisha. Tena yuko mvuvi atokaye nje ya mwamba, upande wa bahari kuu. Injini ikimzimikia huko wakati wa kusi, hasara yake si ya shilingi tu.

Kwa hiyo ikisemwa kwamba iko injini nyepesi, yenye nguvu, isiyo na pistoni wala vali, habari hiyo yapasa kusikilizwa kwa makini. Lakini pia yapasa kufahamika kwanza, kabla mtu hajafikiri kuuza aliyo nayo.

Tuanze na injini tuliyoizoea. Ndani yake mna silinda, yaani bomba nene la chuma, na ndani ya silinda mna pistoni iendayo juu na chini kama mchi katika kinu. Kazi zake ni nne: kuvuta hewa iliyochanganyika na petroli; kuishindilia mpaka ibanane; kuiwasha kwa cheche ya plagi, ilipuke na kuisukuma pistoni; kisha kutoa moshi. Katika injini nyingi za motokaa kazi hizo nne humalizika shafti ikizunguka mara mbili. Katika injini ndogo ya mashua, ile ambayo petroli yake huchanganywa na oili, humalizika kwa mzunguko mmoja, maana hewa mpya huingia wakati ule ule moshi utokapo. Ndiyo sababu injini hiyo ni nyepesi na nguvu zake hupita umbo lake. Ndiyo sababu vilevile ni badhirifu, kwa kuwa sehemu ya petroli mpya hutoroka pamoja na moshi kabla ya kuungua.

Sasa angalia jambo moja. Mchi ukipanda hauna budi kusimama kabla ya kushuka, na ukishuka hauna budi kusimama kabla ya kupanda. Pistoni nayo ni hivyo hivyo. Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, pistoni husimama na kugeuka mara 10,000 katika dakika hiyo moja. Kuisimamisha na kuisukuma tena huitikisa injini yote, na ashikaye mkono wa usukani huisikia mpaka begani. Tangu zamani wako mafundi waliojiuliza: Kwa nini tutwange? Kwa nini tusisage, kama jiwe la kusagia lizungukavyo bila kusimama?

Wengi walijaribu wakashindwa. Aliyefanikiwa ni Felix Wankel, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1902 katika mji wa Lahr. Hakusoma chuo kikuu, na kwa ubovu wa macho hakupata kuwa na leseni ya kuendesha motokaa maisha yake yote. Mwaka 1929 alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake wa kwanza wa mashini ya kuzunguka, lakini ilimpasa kungoja hadi 1951 ndipo alipoanza kufanya kazi pamoja na NSU, kampuni iliyokuwa ikitengeneza pikipiki. Mfano wa kwanza ulizunguka mwezi wa Februari 1957. Katika mfano huo nyumba ya injini ilizunguka pamoja na kile kilichomo ndani, hata kubadili plagi ilikuwa kazi ya kufungua injini. Injinia wa NSU, Hanns Dieter Paschke, akaitengeneza upya, nyumba ikasimama mahali pamoja, na hiyo ya pili ndiyo iliyoenea duniani. Husimuliwa kwamba Wankel hakufurahi, akasema farasi wake wa mashindano amegeuzwa kuwa farasi wa kulimia. Mimi naona Paschke ndiye aliyeiokoa.

Ili kuifahamu, chukua njugu yenye chembe mbili, uipasue kwa urefu na kulitazama ganda lake. Limenona huku na huku, na kiunoni limebinyika. Nyumba ya injini hii ina umbo kama hilo. Ndani yake mna kipande cha chuma chenye pembe tatu, na mbavu zake zimetuna kidogo. Hicho huitwa rota. Pembe zake tatu hugusa ukuta wa nyumba daima, na kwa hiyo nafasi iliyomo hugawanyika vyumba vitatu. Shafti hupita katikati ya nyumba, nayo ina sehemu moja nene ya mviringo iliyokaa upande. Rota imevikwa juu ya sehemu hiyo, kwa hiyo huzunguka huku ikiyumba. Meno ya gia yaliyochongwa ndani ya rota huuma gia ndogo iliyofungwa isigeuke, na hiyo ndiyo iiongozayo rota isipotee njia yake.

Haya, fuata ubavu mmoja tu kwa macho. Upitapo penye tundu la kuingizia, chumba chake kinapanuka, na hewa yenye petroli huvutwa ndani. Pembe ya nyuma ikilipita tundu, mlango umekwisha fungwa. Hapana haja ya vali. Ubavu ukifika kiunoni mwa nyumba, chumba huwa chembamba sana, na kilichomo hushindiliwa. Hapo plagi hutoa cheche. Mlipuko huusukuma ubavu, rota huisukuma shafti, chumba hupanuka tena, kisha pembe ya mbele hulifunua tundu la kutolea na moshi hutoka. Wakati huo mbavu mbili nyingine hazikukaa bure. Kila mmoja umo katika sehemu yake ya kazi hiyo hiyo. Rota ikizunguka mara moja, shafti huzunguka mara tatu na milipuko huwa mitatu. Maana yake, mlipuko mmoja kwa kila mzunguko wa shafti.

Mwenye mashua atasema: Lakini injini yangu pia hulipuka kila mzunguko, nayo pia haina vali. Amesema kweli, na neno lake ni zito. Sifa nyingi za rota zilitangazwa kwa kuilinganisha na injini ya motokaa, yenye vali, springi na vyuma vingi. Ikiwekwa karibu na injini ya mashua, sifa hizo hupungua. Zilizobaki ni mbili: haitikisiki sana, na moshi wake hautoki kwa kusukumwa na petroli mpya.

Basi maradhi yake ni yapi? La kwanza limo katika zile pembe tatu. Kila pembe imewekewa kijiti chembamba cha kuzuia hewa isivuje, mfano wa ringi za pistoni. Ringi huteleza juu na chini ikiwa imekaa sawa siku zote. Kijiti cha rota hukwaruza ukuta wote wa njugu ile, mahali pengine kikilala upande huu na mahali pengine upande ule, tena kwa mwendo wa kasi. NSU walitoa motokaa yao ya Ro 80 mwaka 1967, ikasifiwa sana na kupewa heshima ya Motokaa ya Mwaka huko Ulaya kwa mwaka 1968. Punde vijiti vikalika. Yasemekana wenye motokaa hizo wakipishana njiani walionyeshana vidole, kila mtu akihesabu injini ngapi amekwisha badilishiwa. Mwaka 1969 NSU ikaingia mikononi mwa Volkswagen, na Ro 80 ya mwisho ikatengenezwa 1977.

Huko Hiroshima, Japani, kampuni ya Toyo Kogyo, watengenezaji wa Mazda, iliona maradhi yale yale. Ukuta wa nyumba ulipata michirizi, nao mainjinia wakaiita makucha ya shetani. Kenichi Yamamoto na wenzake walishughulika nayo miaka kadhaa, mpaka wakapata kijiti cha kaboni iliyochanganywa na alumini. Motokaa yao ya Cosmo ilianza kuuzwa Mei 1967. Mazda wakaendelea na rota kwa miaka mingi, na mwaka 1991 motokaa yao yenye rota nne ilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba injini hii haiwezi kuvumilia. Yaweza, ikiwa mikononi mwa mafundi wenye vyombo vyote.

Maradhi ya pili ni kiu, nayo ni magumu zaidi, kwa sababu yamo katika umbo lenyewe. Chumba cha kulipulia ni kirefu na chembamba, mfano wa ufa. Moto unaoanzia kwenye plagi haufiki ncha zote kwa wakati, na ukuta mpana huunyang'anya joto. Petroli nyingine hutoka haijaungua vema. Bei ya mafuta ilipopanda duniani mwaka 1973, wanunuzi wa Marekani waliikimbia rota. Kadhalika kidogo cha oili hutiwa ndani makusudi ili vijiti visikauke, na oili hiyo huungua. Yaani mwenye mashua anayetaka kuondokana na kuchoma oili haponi kwa kununua rota.

Majaribio ya kuitia majini yalikwisha fanywa. Yapata mwaka 1970 kampuni ya Yanmar ya Japani ilitengeneza injini za rota za kufungwa nyuma ya mashua, na Wamarekani waliokuwa wakitengeneza Johnson na Evinrude walizishindanisha za kwao mwanzoni mwa miaka ile. Zilikuwa na kasi, lakini biashara haikuendelea.

Kwa mtu wa Kiwayu, mimi ningeitazama hivi. Pistoni yake ikikwama, yuko fundi Lamu wa kuifungua, na ringi hupatikana. Kijiti cha rota kikivunjika, huenda kikauchana ukuta, na ukuta ule haukwanguliwi kwa msasa. Hutaka mashini ya kiwandani. Tena katika rota, upande wa mlipuko huwa moto daima na upande wa kuvutia huwa baridi daima. Injini inayopozwa kwa maji ya bahari, ambayo njia zake huziba chumvi na mchanga, haitakiwi kuwa na tabia hiyo. Apendaye kupunguza petroli atafaidika zaidi kwa injini ya pistoni ya mizunguko miwili ya shafti, ijapokuwa ni nzito na bei yake ni kubwa. Hiyo haimwagi mafuta mabichi majini, jambo la maana mahali ambapo kasa hutaga na kamba hutegwa. Bahari ya Kiwayu imo katika hifadhi ya Kiunga iliyotangazwa mwaka 1979.

Je, rota imekwisha? La. Imebadilishiwa kazi. Mwaka 2023 Mazda walitoa motokaa iitwayo MX-30 R-EV. Ndani yake mna rota moja, ya sentimita za ujazo 830, lakini haizungushi magurudumu. Hutia umeme katika betri tu, na umeme ndio uendeshao motokaa. Hapo rota huzunguka kwa mwendo inaoupenda, bila kuharakishwa na kupunguzwa kila mara, na udogo wake huacha nafasi ya betri. Ndege nyingine zisizo na rubani hutumia rota pia, maana huko uzito ndio unaohesabiwa kwanza.

Wengine wameligeuza jambo lenyewe. Kampuni ya LiquidPiston, iliyoanzishwa mwaka 2004 na iliyoko katika jimbo la Connecticut, Marekani, imetengeneza injini ambayo rota yake ndiyo yenye umbo la njugu, na nyumba ndiyo yenye pembe tatu. Faida yake ni kwamba vijiti vya kuzuia hewa vimewekwa katika nyumba, havitembei, na oili huweza kupelekwa moja kwa moja penye kijiti. Chumba cha kulipulia nacho hakiko kama ufa. Lakini kazi zilizolengwa kwanza ni za jeshi: ndege zisizo na rubani na mitambo midogo ya umeme.

Katika Ziwa Victoria, upande wa Kenya, wako wavuvi waliokwisha anza kukodi injini za umeme za mashua, ambazo betri zake hujazwa pwani. Ziwani mvuvi hurudi alikotoka. Safari ya Lamu mpaka Kiwayu ni ndefu, na mkondo wa maji ukiwa kinyume, betri yaweza kwisha kabla ya Ndau. Ni hapo tu ndipo naona nafasi ya rota katika visiwa hivi: kisanduku kidogo ndani ya mashua, chepesi hata mtu mmoja akibebe, kikizunguka kwa mwendo mmoja na kujaza betri njiani, huku rafadha ikiendeshwa na umeme. Ikizimika, umeme uliobaki katika betri utamfikisha mtu ufukweni. Kisanduku hicho kikiletwa Lamu, la kumwuliza muuzaji ni lita ngapi kinakunywa kwa saa, na vijiti vyake vitapatikana wapi.