SOMO: SAHIHI KATIKA SKRIPTI ZA KOMPYUTA

Ndugu Makatibu na Watunza Hesabu,

Hati ya malipo isiyo na sahihi hailipwi. Hata hivyo, vyama vinavyokokotoa malipo ya wakulima kwa kompyuta huendesha skripti, yaani faili la amri, bila kuuliza limeandikwa na nani. Mtu akibadili tarakimu moja katika bei ya kilo, kila mkulima atapunjwa, na mizani haitakuwa na kosa.

Kinga yake ni sahihi ya kidijiti. Mtia sahihi ana funguo mbili: wa siri, anaoutunza mwenyewe, na wa wazi, unaotolewa kwa wote. Kompyuta hufupisha faili zima kuwa namba moja. Kwa njia ya SHA-256 namba hiyo ni ya biti 256. Namba hiyo hutiwa sahihi kwa ufunguo wa siri, na mpokeaji huihakiki kwa ufunguo wa wazi. Ikiongezwa hata nukta moja, uhakiki hushindwa.

Katika PowerShell ya Windows, amri Set-AuthenticodeSignature huandika sahihi mwishoni mwa skripti. Kompyuta ikiwekewa kanuni ya AllSigned, hukataa skripti isiyo na sahihi inayoaminika.

Angalizo: Sahihi huthibitisha aliyeitia na kwamba faili halikubadilishwa baadaye. Haithibitishi kwamba hesabu ni za haki. Basi skripti ikaguliwe kwanza, ndipo itiwe sahihi. Na ufunguo wa siri utunzwe kama ufunguo wa kasha la fedha.

Maswali:
1. Katika chama chako, nani anatunza ufunguo huo?
2. Nani hukagua skripti kabla ya kutiwa sahihi?